Maneno Chini ya Picha

Watu wa Rusimbi, mtaa wa Kigoma, walikuwa na mzaha wao: ukimwalika fundi Thobias Ntakije chakula, mkalishe atazame mlango. Ukimkalisha atazame ukuta, ugali utapoa. Atauangalia ukuta toka dari mpaka sakafu, atanyanyuka aukwaruze kwa ukucha wa dole gumba, kisha atakwambia, kwa upole wa daktari anayeleta habari mbaya, kwamba aliyekupakia rangi aliipaka juu ya vumbi. Na kilichowaudhi watu ni kwamba hakuwa akikosea.

Kazi ya rangi aliijua tangu ujana, alipokuwa akipaka majengo ya misheni. Mambo ya kuandika yalimjia ukubwani, tena kwa hasira. Ilikuwa miaka ile vita vya majirani vilipolijaza ziwa mitumbwi ya watu wanaokimbia. Mashirika yakaja Kigoma kuwahudumia wakimbizi, yakapanga kila nyumba yenye bati zima, na kila nyumba ikatakiwa ipakwe upya. Basi kila mwenye brashi akawa fundi. Watu walipiga rangi ya mafuta juu ya chokaa mbichi, na masika yalipofika rangi ikavimba, ikabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Thobias akipita njiani alikuwa akiona nyumba hizo na kuumwa kweli kweli. Akanunua kalamu, akakaa mezani, akaandika kitabu chembamba akakiita *Ukuta Safi*. Mchapaji mmoja wa Tabora akamchapia.

Kitabu kikauzwa kwenye duka la parokia na kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na mafundi wakakinunua kwa kificho, maana nani anapenda kuonekana akisoma kazi anayosema anaijua? Wale waliokuwa wakimcheka wakaanza kumwita Mwalimu. Thobias hakuwahi kushika chaki maishani mwake, lakini jina hilo alilipenda, tena sana, tusimfichie. Alilipenda kuliko jina lake la ubatizo.

Ukurasa wa kwanza wa kitabu hicho ulianza hivi: "Kabla ya kugusa brashi, muulize mwenye ukuta. Ukuta ni wake, wewe ni mpitaji." Mafundi walikuwa wakiyasema maneno hayo kwa moyo. Yeye mwenyewe aliyasema kwa moyo kuliko wote.

Mkewe, Eufrasia, alikuwa mtu wa maneno machache. Katika siku zile akina mama wa parokia walikuwa wakipeleka uji Katonga, mitumbwi iliposhusha watu, na siku moja Eufrasia alirudi kutoka huko na mwanamke mwenye mtoto mchanga mgongoni na kitenge kilicholowa, basi. Hakuwa na kitu kingine duniani.

"Baba Rodgers," Eufrasia alisema, "huyu ni Leonia, katoka Fizi, ng'ambo ya ziwa. Atalala chumba cha Rodgers."

Rodgers alikuwa mwana wao wa pekee, naye alikwisha kwenda Mwanza kutafuta maisha. Thobias hakuwa na pingamizi. Alimkaribisha mgeni, akamuuliza habari za safari, na Leonia akajibu kwamba ziwa lilikuwa baya. Thobias akampa pole, akarudi kwenye maandishi yake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leonia hakungoja kupewa. Alilichukua mwenyewe, akachimba udongo mwekundu nyuma ya migomba, akaukanda kwa miguu na kuanza kusiriba ukuta wa jikoni. Jiko lenyewe lilikuwa kibanda cha matofali ya kuchoma kule uani, halijawahi kupigwa plasta wala rangi. Ndiyo, nyumbani kwa Mwalimu wa rangi, kinyozi hajinyoi. Udongo ulipokauka Leonia akaleta udongo mweupe kutoka kijitoni na masizi ya sufuria, akachora kwa kidole. Juu alichora magurudumu, mawilimawili, yameungwa kwa mstari. Chini yake akapanga vyungu vidogo vidogo, kila kimoja na kifuniko chake.

Baada ya hapo wanawake wale wawili walikuwa wakikaa jioni wakiutazama ukuta ule huku wakichambua maharage. Mara nyingine mmoja wao alikuwa akilia na mwingine akiendelea kuchambua. Thobias alipita hapo kila siku na ngazi yake begani. Kwa jicho la fundi aliona kwamba udongo ule hautavuka masika mawili, na kwamba mistari haikunyooka. Mambo ya akina mama, alisema moyoni, akaenda zake kazini.

Kisha ikatoka amri kwamba wakimbizi wote wahamie kambini. Leonia na mwanawe, Dorotea, wakapakiwa kwenye lori la kambi ya Lugufu. Kabla ya kuondoka alikwenda uani peke yake, akaweka viganja vyake ukutani, akakaa hivyo kwa muda. Tangu siku hiyo ukuta ukawa kazi ya Eufrasia. Kila masika yakipita aliufuata udongo mweupe kijitoni, akaipitia upya mistari ya rafiki yake pale ilipofifia. Na kila aliyetoka kambini kuja mjini alimletea salamu ileile: "Leonia anauliza, ukuta u mzima?" Naye akajibu, "Mwambie u mzima."

Hapo ndipo Thobias alipokuwa akiandika kitabu chake cha pili, *Fundi Rangi na Mteja Wake*. Safari hii mchapaji alitaka picha: ukuta mmoja, upigwe kabla ya kazi na baada ya kazi, msomaji aone tofauti kwa macho yake. Jambo dogo, mtu angedhani. Thobias akazunguka mtaani akitafuta ukuta mchafu, na kuta chafu hazikuwa haba. Waliokuwa haba ni watu wa kukubali.

"Mwalimu," jirani yake Pastory alimwambia, "yaani uniandike kitabuni kwamba naishi pachafu? Wakwe zangu wanasoma, Mwalimu."

Mwingine alisema hana neno, apige tu ile picha ya baadaye. Wa tatu alimkaribisha chai na kuzungumza habari za mvua mpaka Thobias akaelewa, akaaga. Naye alikuwa mtu muungwana. Kweli, utaishije mtaa mmoja na mtu uliyemwaibisha kitabuni? Akaona heri aibu ile aibebe mwenyewe. Atatumia ukuta wa nyumbani kwake, na nyumbani kwake, ukuta wenye michoro ulikuwa ule wa jikoni. Aliona amefanya jambo la kiungwana, na hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko yote.

Eufrasia hakuwapo. Alikuwa Kidahwe akimuuguza mama yake. Mpiga picha akaja asubuhi, akapiga picha ya kwanza. Thobias akakunja mikono ya shati, akafanya kazi kama alivyoifundisha: akakwangua udongo wote mpaka kwenye tofali, akalisugua tofali kwa brashi ya waya, akaliosha, akapiga plasta nyembamba, akaiacha ikauke vizuri bila haraka, akapiga msasa, akapaka mikono miwili ya rangi nyeupe. Ukuta ukang'aa hata kuku wakaukimbia. Mpiga picha akarudi, akapiga ya pili. Siku hiyohiyo Thobias akayaandika maneno ya kukaa chini ya picha, akafunga bahasha, akaituma Tabora kwa treni.

Aliandika: "Picha ya juu: ukuta uliochafuliwa na watoto. Picha ya chini: ukuta huohuo baada ya kutengenezwa."

Nyumba ile haikuwa na mtoto wa kuchafua kitu miaka mingi. Lakini katika kila nyumba aliyofanyia kazi, watoto wenye vipande vya mkaa ndio waliokuwa ugonjwa wa kuta, na aliona msomaji ataelewa upesi.

Eufrasia aliporudi, alipitia uani kama kawaida yake. Thobias alikuwa amesimama mlangoni akingoja kusifiwa. Mkewe akatua mzigo, akaenda ukutani, akaugusa kwa ncha za vidole kama mtu anayegusa sufuria asiyejua kama ina moto.

"Baba Rodgers," alisema, "watoto wa Leonia umewapeleka wapi?"

Thobias alidhani uchovu wa kuuguza umempanda kichwani. Eufrasia akaketi juu ya mzigo wake, akamweleza. Usiku ule wa kukimbia Fizi mtumbwi ulipinduka, na Leonia aliokolewa pamoja na kichanga kilichofungwa mgongoni. Wakubwa wawili walikwenda na maji. Isaka alikuwa hawezi kulala bila gari lake la waya. Mapendo alikuwa akifinyanga vyungu vya udongo na kuwapikia wenzake majani. Ziwa halikuwarudisha, kwa hiyo hakuna kaburi, na mama asiye na kaburi la mwanawe hana pa kuweka mkono. Leonia alipata pa kuweka mkono pale ukutani.

"Yebabawe! Mbona hukuniambia?" Thobias aliuliza.

"Ulikuwa ukipita hapa kila siku," Eufrasia alijibu. "Nilikuwa nangoja uulize."

Thobias alikwenda kuchukua patasi na nyundo, akaanza kubomoa plasta yake mwenyewe, taratibu, akitafuta kama chini yake kumebaki hata mstari mmoja, hata nusu ya gurudumu. Alikutana na tofali tupu, limesuguliwa, limeoshwa. Laiti angekuwa fundi mlegevu! Laiti angekuwa mmoja wa wale aliowatukana kitabuni, wanaopaka juu ya vumbi na kwenda zao! Mchoro ungekuwa chini pale, umefunikwa tu, ukingoja kufunuliwa. Lakini alikuwa Mwalimu, na kazi yake aliifanya sawasawa. Akaziba tundu alilolitoboa, akarudishia rangi.

Maneno ya chini ya picha aliyakumbuka jioni ileile. Akajiambia kesho atakwenda stesheni atume ujumbe Tabora wayabadilishe. Kesho yake alikuwa na kazi ya watu wa shirika. Keshokutwa mvua ilinyesha. Na ukimkamua sana, ukweli mwingine ulikuwa huu: aliona haya kumweleza mchapaji kwamba Mwalimu amekosea. Boksi la vitabu likashuka kwenye treni na maneno yaleyale. Eufrasia akafungua kimoja, akasoma ukurasa ule, akakifunga, na tangu hapo hakugusa tena kitabu cha mumewe. Salamu za kambini ziliendelea kuja. "Leonia anauliza, ukuta u mzima?" Eufrasia aliinamisha uso, akajibu, "U mzima." Uongo ule aliubeba yeye, kwa kosa lisilo lake.

Miaka ikaenda. Ng'ambo kukatulia, na meli ikaanza kuwarudisha watu wa Fizi kwao. Mchana mmoja wa kiangazi Leonia akabisha hodi Rusimbi. Wameletwa toka Lugufu, alisema, wanapanda meli kesho. Dorotea amebaki kwenye kituo cha wakimbizi akilinda mizigo, na yeye ameomba ruhusa aje kuaga. Alikuwa amekonda, na nywele za mbele zimekuwa nyeupe. Walikumbatiana na Eufrasia, na kabla Eufrasia hajapata la kusema, Leonia alikuwa ameshashika njia ya uani.

Alisimama mbele ya ukuta mweupe. Eufrasia akaanza kulia nyuma yake.

"Ni mvua?" Leonia aliuliza.

Alikuwa akiwapa njia ya kutokea. Thobias aliiona njia hiyo, na kwa mara hii, tumpe haki yake, hakuipita. "Si mvua, mama. Ni mimi. Niliukwangua. Sikujua, na sikuuliza."

Leonia akaketi chini, hapohapo kwenye vumbi. Hakupiga kelele, na ingekuwa heri apige. Thobias alishindwa kuvumilia, akatafuta kichwani kitu chochote cha kumpa, na kitu alichokipata ni kimoja. Akakimbilia ndani, akarudi na kitabu kimefunguliwa kwenye ukurasa ule.

"Picha ipo," alisema. "Tazama. Nilipiga picha kabla."

Leonia akafuta mikono kwenye kitenge, akakipokea. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, ndogo, lakini ilikuwa wazi. Kidole chake kilekile kilichochora kikafuata duara la gurudumu. "Isaka," alisema. Kikashuka kwenye vyungu. "Mapendo." Uso wake ukafunguka, na Thobias akapumua kwa mara ya kwanza tangu hodi ilipobishwa. Kisha kidole kikashuka zaidi. Leonia hakujua kusoma.

"Na haya maneno ya hapa chini, Baba Rodgers, yanasema nini?"

Thobias alimtazama mkewe. Eufrasia alikuwa ameacha kulia, anamtazama yeye. Ilimpasa aseme. Alikwisha kusema gumu la kwanza, na la pili lilikuwa neno moja tu. Lakini aliuona uso ule uliofunguka, na ulimi ukamwia mzito, kisha ukawa mwepesi kupita kiasi.

"Yanasema... ukuta wa watoto."

Leonia akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Kumbe ulijua? Uliandika batoto bangu mu kitabu?" Machozi yalikuwa yakimtoka naye akitabasamu. "Basi yaishe, Baba Rodgers. Ukuta ni udongo tu. Kitabu hakiyeyuki na mvua. Dorotea wangu anasoma, kule kambini anawashinda wote. Atakuwa ananisomea."

Akakifunga kitabu ndani ya kitenge chake, akakikaza kifuani. Thobias alikuwa amesamehewa, na msamaha wenyewe aliupata kwa uongo.

Eufrasia alimsindikiza rafiki yake mpaka kituoni. Aliporudi alisema jambo moja tu: "Umeruka neno."

"Nitamwambia kesho bandarini," Thobias alisema. "Nitakwenda mwenyewe."

Na kweli alikwenda. Alinyoa ndevu, akavaa shati la misa, akafika bandarini wakati watu wakipangwa kwenye foleni nyuma ya uzio. Akamwita Leonia. Leonia akaja mbio, na alikuja na wenzake.

"Huyu ndiye!" aliwaambia. "Huyu ndiye aliyeandika batoto bangu mu kitabu!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Mikono ikapenya kwenye uzio kumsalimu. Katikati yao alisimama msichana mwembamba mwenye mkoba wa shule, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe ndiye Dorotea? Kitabu umeshakisoma?"

"Bado, babu. Mama anasema tutakisoma tukifika nyumbani. Anataka ndugu wote wakae wasikie."

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi kuliko wakati wowote. Angeweza kusema, mwanangu, nipe hicho kitabu kidogo. Angeweza kumvuta Leonia pembeni. Akafungua kinywa, na mama mmoja mzee akamshika mkono na kumwombea baraka, kisha msimamizi akaanza kuita majina kwenye kipaza sauti, na foleni ikasogea.

"Safari njema," Thobias alisema.

Alibaki bandarini mpaka meli ikawa ndogo. Majuto ni mjukuu, huja baadaye, watu husema. Kwake yeye mjukuu huyo alikuja akiwa ameshakomaa, akakaa kitako. Kila Jumapili, misa ikiisha, alifikiri: labda leo ndiyo wamekaa. Labda leo ndugu wote wamesogeza viti, na yule mtoto anayewashinda wote amefungua ukurasa, anasoma kwa sauti, wala haruki neno.

Kitabu kilipochapwa upya aliitoa picha ya chini. Ya juu akaiacha, na chini yake akaandika: "Ukuta wa jikoni uliopambwa na mama Leonia wa Fizi, kwa kuwakumbuka wanawe, Isaka na Mapendo." Mafundi walishangaa jambo hilo linatafuta nini katika kitabu cha rangi. Yeye alichukua nakala moja, akaenda nayo Katonga, akamkabidhi Honorata, mwanamke wa Baraka, mji wa kule ng'ambo, aliyekuwa akivuka ziwa na vitenge na kurudi na chumvi, aliyesema anamfahamu Leonia vizuri. Akamsihi amfikishie.

Honorata alikawia. Aliporudi, Thobias alikuwa wa kwanza kumlaki ufukweni. Mama yule akamsalimu kwa heshima, kisha akaingiza mkono kwenye kapu, akatoa kitabu kilekile, kingali kimefungwa gazeti.

"Amekirudisha, mzee. Alisema anacho kile cha kwanza, kinamtosha."

"Mwenyewe hajambo?"

"Hajambo. Mtoto wake ndiye msomaji wa kijiji siku hizi, watu wanampelekea barua zao. Na Leonia ametuma salamu. Alisema: msalimu sana Mama Rodgers."

Thobias akangoja. Honorata alikuwa akipanga mizigo yake.

"Na mimi? Hakunitaja?"

"Hapana, mzee. Alisema Mama Rodgers tu."

Thobias alipanda kilima polepole na kitabu chake kwapani. Alimkuta Eufrasia uani akichambua maharage, ameupa mgongo ule ukuta mweupe. Akasimama mbele yake, akampa salamu kama alivyopewa, bila kupunguza neno wala kuongeza.